Mume wangu anajaribu baridi ya Ulaya ndani ya friza langu la barafu

Shikamoo mama mshauri,

Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume ni dereva wa semi. Alianza akiwa utingo, akapanda taratibu, na sasa tajiri wake anamwamini na mizigo ya Kigoma na Rusumo. Mimi nina friza kubwa nyumbani. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, maji ya baridi, na samaki wa Mtera wanapopatikana. Ada ya mtoto mkubwa inatoka humo.

Mwenzake waliyekuwa wakiendesha naye yuko Poland sasa, anaendesha lori. Amemuunganisha na wakala, na tumeambiwa mambo yakikamilika mume wangu ataondoka Novemba. Mkataba sijauona, yeye anasema uko sawa.

Kilichoniletea shida ni maji ya waipa. Huyo rafiki alimtumia sauti kwenye WhatsApp akimsimulia majira yake ya kwanza ya baridi kule. Anasema alikuwa barabara kuu usiku, malori ya mbele yanarusha tope la theluji lililochanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani. Kioo kikafunikwa. Akabonyeza maji ya kusafishia kioo, hayakutoka, yalikuwa yameganda. Waipa zikabaki kupaka tope huku na huku. Akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha mpaka alipopata pa kuegesha. Sauti ile mume wangu ameirudia sana. Usiku nikiwa chumbani naisikia sebuleni, anaisikiliza peke yake.

Baada ya hapo akanunua spiriti, ile wanayotumia mafundi seremala, na kuanza kuchanganya na maji na sabuni kidogo. Anatia kwenye chupa, anaandika kwa kalamu nyeusi: robo, theluthi, nusu. Halafu anaziweka kwenye friza langu, katikati ya barafu za wateja. Asubuhi anazitoa, anazitikisa, anaandika kwenye daftari. Ya robo iliganda. Ya theluthi ikawa kama uji. Ya nusu ilibaki maji. Kuna chupa moja ya kioo aliyoitia maji mengi, hiyo ilipasuka ndani, na vilivyokuwemo vikamwagikia barafu za ubuyu.

Ili zisichanganywe na maji ya kunywa, alichukua rangi yangu ya chakula akazitia bluu. Aliona anatuepusha na hatari. Lakini barafu zinazopendwa zaidi na watoto mtaani ni hizo za rangi. Juzi nimetoka uani nikamkuta kitindamimba wangu, ana miaka minne, ameketi juu ya ndoo, chupa ya bluu iko mapajani, kifuniko kiko mkononi. Nilimnyang'anya nikamnusa mdomo, hakuwa amekunywa. Nikachukua chupa zote nikazimwaga.

Mume aliporudi na kukuta friza halina chupa zake, hakupiga kelele. Alisema, "Basi sema tu kwamba unataka nife kule." Tangu siku hiyo tunasalimiana na kula, hatuongei. Spiriti nyingine ameshanunua, iko chini ya kitanda. Mama mkwe wangu yuko Mpwapwa, amepata habari, ananipigia simu kuniambia nisimfungie mwanawe riziki.

Mama, mimi simfungii. Lakini nikinyamaza naogopa kwa ajili ya mtoto, nikisema naonekana nazuia safari. Je, ni kweli jambo dogo kama maji ya waipa linaweza kumuua mtu, au ametafuta tu sababu ya kuniona mbaya kabla hajaondoka? Na zile barafu zilizomwagikiwa, naweza kuziosha nikaziuza? Nisaidie.

Mama wa Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hofu uliyoipata uani siku ile.

Nianze na lisilosubiri. Barafu zilizomwagikiwa usiziuze, na wanao wasizile, hata ukiziosha. Vimfuko vya barafu hufungwa kwa fundo, na fundo halizuii kitu chembamba kama spiriti kupenya. Samaki waliokuwa karibu nao watupe. Najua ni hasara na najua ni hela ya ada. Chomoa friza kwenye umeme, lifungue, liache lipate hewa, kisha lioshe kwa maji ya sabuni. Usiliwashe mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu mvuke wa spiriti hushika moto, na ndani ya friza kuna swichi inayoweza kutoa cheche. Jiko la mkaa liwe mbali wakati unafanya kazi hiyo.

Na ile iliyo chini ya kitanda iondoke leo. Hilo halina uhusiano na nani ana haki katika ugomvi wenu. Spiriti ya mafundi mara nyingi imetiwa methanoli kwa makusudi, ili watu wasiinywe. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na kiasi kidogo kinaweza kumpofusha mtu au kumuua. Ubaya wake mwingine ni kwamba dalili huchelewa. Mtoto anaweza kucheza vizuri mchana kutwa, hali ikabadilika saa nyingi baadaye. Kama siku yoyote utamkuta mtoto amekunywa, usimtapishe, usimnyweshe maziwa ukingoje kuona. Mpeleke hospitali hapohapo, na chupa uende nayo ili madaktari waone ni nini. Dawa ipo, lakini inataka muwahi.

Sasa nirudie ulichoniambia, unisahihishe kama nimekosea. Una mume makini katika kazi yake. Amepata nafasi ya kwenda mbali, na amesikia habari iliyomkosesha usingizi. Ameileta habari hiyo ndani ya nyumba kwa njia inayomhatarisha mtoto wenu na biashara yako. Ulipochukua hatua, akakusikia kama mtu asiyejali kama atarudi hai. Na wewe umebaki kujiuliza kama ugomvi huu ni wa maji kweli.

Kwanza hilo la maji, kwa sababu umeuliza na linastahili jibu. Si jambo dogo. Hapa Dodoma adui wa kioo ni vumbi, hasa miezi ile ya upepo, na maji matupu ya bombani yanamtosha dereva mwaka mzima. Juni na Julai tunapojifunika mablanketi, bado tuko mbali sana na sifuri. Hapa nchini ukitaka kuona jalidi, yaani umande ulioganda, inabidi upande nyanda za juu kama Makete na Kitulo. Poland usiku wa Januari huweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na wakati mwingine zaidi. Maji huganda kwenye sifuri. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ndiyo maana chupa ya kioo ilipasuka ndani ya friza lako. Katika gari kutanuka huko kunaweza kupasua tanki la maji ya waipa, mpira au pampu. Dereva akiendelea kubonyeza swichi barafu ikiwa imeziba, pampu inaweza kuungua au fyuzi ikakatika.

Na kule maji hayo yanatumika zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto. Barabara zinamwagiwa chumvi ili zisigande, lori la mbele linakurushia tope lake, na likikauka linaacha ukungu mweupe kwenye kioo. Jua la majira hayo halipandi juu, linakupiga usoni sehemu kubwa ya mchana. Mtu mwenye tani nyingi nyuma yake, asiyeona mbele, yuko hatarini na anawahatarisha wengine. Kwa hiyo rafiki yake hakuitia chumvi hadithi, na mumeo hakukosea kuogopa.

Jaribio lake nalo lina akili ndani yake. Friza la nyumbani hushika karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na matokeo aliyoyapata ndiyo ambayo mtu angeyategemea. Lakini kuna kitu ambacho chupa iliyofungwa haiwezi kumwonyesha. Maji yakisharushwa kwenye kioo cha gari linalokwenda, spiriti huruka kwanza na upepo, yanabaki maji, na hayo huganda palepale mbele ya macho ya dereva. Chupa ya nusu iliyomfurahisha asubuhi inaweza kumwangusha barabarani. Ndiyo maana madereva wa kule huwasha kwanza hewa ya moto ielekezwe kwenye kioo, wakasubiri kipate joto, ndipo wakarusha maji. Hawakimwagii kioo kilichoganda maji ya moto, kwa kuwa kinaweza kupasuka. Hawatii kulanti ya injini kwenye tanki la waipa, kwani inapaka mafuta kwenye kioo na ni sumu. Maji ya chumvi wanayakwepa kwa sababu ya kutu.

Wanachotumia ni maji maalumu ya kioo ya majira ya baridi. Yanauzwa vituo vya mafuta na madukani, yameandikwa kwenye galoni yanahimili nyuzi ngapi chini ya sifuri, na dereva huchagua yanayozidi baridi anayoitegemea. Baridi inapokaribia, huyaondoa maji ya zamani, akajaza haya, kisha akayarusha kidogo mpaka yafike kwenye matundu, kwa kuwa kwenye mipira hubaki maji ya zamani nayo yanaganda. Ukimaliza hapo umemaliza. Ni kazi ya dakika chache.

Kuna jambo lingine ningependa alisikie, na pengine ni vizuri alisikie kutoka kwako. Huko Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2019, maji ya kioo yanayouzwa kwa watu wa kawaida hayaruhusiwi kuwa na methanoli inayofika asilimia 0.6. Walifika hapo kwa sababu watu walikuwa wakidhurika kwa kuinywa. Wenye baridi yao, wanaoyahitaji maji hayo ya kioo kila mwaka, nao walikaa wakasema kitu hiki ni cha hatari mno kuwa nyumbani. Kwa hiyo hofu yako si ya mwanamke asiyejua magari.

Mwanangu, nimekaa na barua yako nikajiuliza swali moja. Chupa zile hawezi kusafiri nazo, ndege haipakii spiriti ya namna hiyo. Mume wa safari za mipakani hakosi kulijua hilo, na rafiki yake hakosi kumwambia kwamba dawa ya kioo inauzwa kule. Anazichanganya za nini basi?

Sina jibu la hakika, yeye ndiye analo. Lakini fikiria mtu aliyeijua barabara tangu utingo. Anajua kona za Sekenke, anajua breki inavyozungumza, na wenzake wakikwama wanampigia yeye simu. Mtu huyo ameambiwa kwamba kuna barabara ambayo hata maji ya kioo yanaweza kumsaliti. Baridi yenyewe hawezi kuishika, iko mbali. Mahali pekee penye baridi ya namna hiyo anapoweza kutia mkono ni ndani ya friza la mke wake. Ukilitazama hivyo, neno lake lile, "sema tu kwamba unataka nife kule," linaweza kuwa na tafsiri nyingine. Wewe ulisikia lawama. Inawezekana alikuwa anakuambia kwamba anaogopa kufa, na hakupata namna nyingine ya kulitoa.

Nawe nikuulize kwa upole. Umeniandikia kuhusu chupa kwa kirefu, mpaka rangi yake na maandishi yake. Kuhusu mkataba umeandika sentensi moja: hujauona. Je, hasira yote uliyoimwaga uani na zile chupa ilikuwa ya chupa peke yake? Mtu anaondoka Novemba. Hujui atalipwa kiasi gani, atakaa wapi, akiugua atatibiwa na nani, atarudi lini. Hayo hayashikiki, chupa inashikika. Kama ni hivyo, ninyi wawili mmegombania friza kwa sababu inayofanana, na pengine hilo ni la kuwapa nafuu kuliko mnavyodhani.

Unaweza kuendelea kunyamaza mpaka aondoke. Nyumba itatulia, mama mkwe hatapiga simu. Hatari yake ni kwamba ataondoka akiamini neno lile, na maneno yanayosafiri na mtu mpaka ugenini ni magumu kuyafuata kwa simu. Tena mtoto wa miaka minne hajui kunyamaza kwenu.

Unaweza kumwekea masharti: spiriti itoke au friza lifungwe kufuli. Friza ni lako na una haki hiyo. Ila ukiliweka kama amri, nadhani atalisikia kama mlango umefungwa kwa safari yote, na mama mkwe atapata alichokuwa anakitafuta. Njia laini kidogo ni kumwomba akahifadhi vitu vyake kwa fundi wa gari, mahali pasipo watoto wala chakula, kwenye chombo kilichoandikwa wazi kuwa ni sumu na si chupa ya kinywaji. Hapo majaribio yake utakuwa umeyapa heshima, na mtoto yuko salama. Kasoro ni kwamba hilo linatatua la chupa tu.

Unaweza kumhusisha mtu wa tatu, kaka yake au dereva mzee anayemheshimu. Wanaume wengi husikia kwa mwenzao wa kazi. Lakini mtu anayeficha woga akiona umetolewa nje, anaweza kujifungia zaidi. Ningekuwa mwangalifu hapo, labda yeye mwenyewe amtaje anayetaka amsikie.

Au unaweza kumwendea kwa upande asioutarajia. Ukamwambia akufundishe. Mwambie, "Baba fulani, nisikilizishe ile sauti ya rafiki yako, mimi sijaisikia vizuri." Mkae muisikilize pamoja, halafu ukae kimya aseme. Ukimwuliza maji ya waipa yanaganda vipi, mdomo utafunguka, kwa sababu hilo analijua. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye asilolijua. Hatari ipo hata hapa: anaweza kukuambia kwamba anaogopa kweli, na ukishasikia hivyo itabidi uamue utafanya nini na ulichosikia. Wake wengine huogopa hapo zaidi ya ugomvi.

Mkifika kwenye mkataba, naomba muusome wote wawili, na mtu anayeielewa lugha yake. Kuna mawakala wa kweli na kuna matapeli, na kutoka kwenye simu wote wanafanana. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ni mahali pa kuuliza kama huyo anayewapeleka anatambulika, kabla hela yoyote haijatoka. Mwulizeni pia rafiki maswali ya kazi yenyewe: leseni ya hapa inabadilishwaje kule, kuna mafunzo gani kabla ya kukabidhiwa lori, anayeanza anaanza na msimu gani. Mimi ningeuliza kama inawezekana aanze kabla ya baridi au baada yake. Huenda jibu likawa hapana, lakini ni swali halali kwa mtu aliyejifunza kazi yake yote kwenye lami kavu na vumbi.

Kuhusu mama mkwe, yeye naye ni mama na mwanawe ndiye anayeondoka. Alichopewa ni nusu ya habari. Sijui kama aliambiwa kwamba mjukuu wake alikuwa na chupa ya sumu mapajani. Ningependa mumeo ndiye amwambie, si wewe, na kama mtapatana hilo halitakuwa gumu. Likisemwa na wewe sasa hivi litaonekana ni kujitetea.

Aende au abaki, siwezi kuwaamulia kutoka kwenye meza hii, na sidhani kama ungenitaka nifanye hivyo. Hata nikikuambia leo kwamba dawa ya kioo inapatikana kwa urahisi kule, na ni kweli inapatikana, bado wewe ndiye utakayelala peke yako Nkuhungu na watoto, na yeye ndiye atakayekaa nyuma ya usukani. Ila chagueni mkiwa mnaongea.

Dereva akirudi kutoka safari ndefu huwa amechoka, na mwanamke aliyesubiri huwa na mengi ya kusema. Usianze usiku ule. Mwache alale, watoto waende shule, kisha kaeni. Niandikie tena mkishazungumza, hata kama maneno hayakwenda ulivyotaka.